Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Iliyokataa Kuwaka Baada ya Kuongezewa Kumbukumbu

SWALI

Papa Fundi, pokea salamu kutoka Kadutu. Mimi ni mama mwenye sekretaria ndogo ya kuchapa na kufotokopia hapa Bukavu, na kazi inayonilisha ni TFC na memwari za wanafunzi, yaani kazi zao za kumaliza masomo. Kompyuta yangu ni HP Compaq 6200 Pro ya kusimama, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Ilikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu, yaani bareti, vya giga 2 kila kimoja, na siku hizi ilikuwa imechoka: nikifungua memwari yenye picha nyingi pamoja na intaneti, inaganda mpaka niizime kwa nguvu. Kijana mmoja wa sokoni aliniuzia bareti mbili za giga 4 kwa bei ndogo, na fundi akaja kuziweka. Tangu siku hiyo haijawaka. Feni inazunguka, taa ya kitufe inapepesa nyekundu mara tano pamoja na milio mitano, inanyamaza kidogo, kisha inaanza upya, na skrini inabaki nyeusi. Fundi alitoa bareti moja mpya na mahali pake akarudisha moja ya zamani, lakini milio ikawa ile ile. Akaniambia kwamba karti meri, yaani bodi kuu ya kompyuta, imeungua na memwari yote imekwenda, na sasa anataka dola 90 ili atafute karti nyingine. Ndani ya mashini hiyo mna kazi za wanafunzi kumi na mmoja ambao wanatetea mwezi ujao, nami silali. Nimenakili maandishi yaliyo kwenye bareti mpya: 4GB 2Rx4 PC3-10600R. Zile za zamani zimeandikwa: 2GB 1Rx8 PC3-10600U. Nifanye nini?

Mama wa sekretaria, Kadutu, Bukavu

JIBU

Mama, salamu zako zimefika. Usilipe hizo dola 90 kabla ya kufanya jaribio moja ambalo, kwa jinsi ulivyosimulia, bado halijafanyika: kuiwasha kompyuta ikiwa na bareti zake za zamani peke yake. Fundi alirudisha moja ya zamani lakini akaiacha moja mpya ndani, kwa hiyo mpaka leo hakuna mtu anayejua kama karti meri yako ni nzima au ni mbovu. Hukumu ilitolewa kabla ya ushahidi.

Kabla sijaeleza hayo, nikutulize moyo kuhusu kazi za wanafunzi. Neno memwari limetuletea mkanganyiko tangu tulipolipokea, kwa sababu katika Kifaransa neno hilo hilo hutaja kazi ya mwanafunzi ya kumalizia masomo na pia kumbukumbu ya kompyuta. Fundi akisema kwamba memwari imekwenda, yeye anasema juu ya bareti, huku mwenye sekretaria akisikia kwamba kurasa mia na zaidi za mtoto wa watu zimepotea. Bareti haihifadhi hati hata moja. Kazi yake ni kushika kwa muda yale ambayo kompyuta inayashughulikia saa hiyo, na umeme ukikatika yote yaliyokuwa juu yake hufutika, jambo ambalo wewe unalijua vizuri kila umeme unapokatika kabla hujahifadhi ukurasa. Hati zenyewe zimo kwenye diski, ambayo ni kifaa kingine kabisa, na hakuna lolote katika barua yako linaloonyesha kwamba diski imeguswa. Hata kama karti meri ingekuwa imekufa kweli, diski ingefunguliwa skrubu zake, ikaunganishwa na kompyuta nyingine kwa waya wa adapta, na kazi zote kumi na moja zikanakiliwa kwenye fulashi. Kama tarehe ya kutetea inakukaba, anza na hilo leo, halafu mengine yafuate kwa utulivu.

Sasa tuisikilize mashini yenyewe. Kompyuta za mezani za HP za kizazi hicho zimepewa namna ya kueleza ugonjwa wao hata pale ambapo skrini haiwezi kuonyesha kitu: taa nyekundu na mlio huhesabiwa pamoja. Mara mbili ni joto la prosesa, kile kipande kikuu kinachoendesha kazi zote za kompyuta, lililopita kiasi, mara tatu ni prosesa kutoonekana, mara nne ni hitilafu ya umeme unaotoka katika kisanduku cha kulisha kompyuta, mara tano ni kumbukumbu, mara sita ni kadi ya picha, na mara saba ni karti meri. Yako imelia mara tano. Sisemi kwamba milio mitano inaisafisha karti meri na kila shaka, kwa sababu soketi za bareti, yaani mahali zinapochomekwa, zimo juu yake; lakini mwongozo wa mtengenezaji mwenyewe unaiweka karti meri mwisho kabisa wa orodha ya vitu vya kubadilisha, baada ya bareti kuchomolewa, kukazwa upya na kujaribiwa moja moja. Fundi wako aliruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, umeuandika wewe mwenyewe mwishoni mwa barua, na ninakushukuru kwa kunakili maandishi hayo herufi kwa herufi, maana wasomaji wengi huniandikia giga tu. Yasome pamoja nami. PC3 maana yake ni kizazi cha tatu cha bareti za aina hii, yaani DDR3, na hapo zako mpya na za zamani zinalingana. Namba 10600 ni kasi, takriban megabaiti 10,600 kwa sekunde, na hapo pia zinalingana. Tazama sasa herufi ya mwisho. Za zamani zina U na mpya zina R. Bareti yenye U ni ya kawaida: prosesa hutoa amri na chipu za kumbukumbu huzipokea moja kwa moja. Bareti yenye R imetengenezwa kwa ajili ya seva, zile kompyuta kubwa zinazobeba bareti nyingi kwa pamoja. Katikati yake pana chipu ya ziada inayopokea amri kutoka kwa prosesa, inazishika kidogo, kisha inazigawa kwa chipu nyingine, ili prosesa isilemewe na mzigo wa bareti nyingi. Prosesa ya kompyuta ya mezani kama yako haikutengenezwa kuzungumza kupitia mpatanishi huyo. Inaita, haipati jibu kwa namna inayoifahamu, nayo inakulilia mara tano.

Jambo linalowaponza watu ni kwamba mkono hauwezi kuhisi tofauti hiyo. Katika kizazi cha DDR3, bareti ya seva na ya kompyuta ya mezani zina meno yale yale 240 ya rangi ya dhahabu, na pengo lililo katikati ya meno liko mahali pale pale, kwa hiyo inaingia vizuri na vibanio vinafunga kama kawaida. Jicho peke yake ndilo linaloweza kutambua. Chukua mojawapo ya bareti zako mpya uhesabu vipande vyeusi: kwa maandishi uliyonipa, naamini utapata vipande 18 kila upande, ukiacha kile cha katikati chenye umbo tofauti. Kisha uhesabu ile ya zamani: utapata vinane. Hesabu inayogawanyika kwa tisa ni dalili ya bareti yenye chipu za kukagua makosa, na ikiwa pamoja na hayo ina kipande cha pekee katikati, iache kwa wenye seva. Sababu ya bei yake ndogo inaeleweka pia: kampuni kubwa zinapobadilisha seva zao, bareti hutolewa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya chini, na wanunuzi wa aina hiyo ni wachache. Kijana wa sokoni huenda hakukudanganya. Huenda naye aliuziwa giga bila kusomewa herufi. Mrudishie bareti hizo kwa upole, ukimweleza kwamba si mbovu bali zinahitaji mwenye seva.

Utaona basi kwa nini jaribio la fundi halikuweza kufaulu. Kuweka bareti ya U na ya R katika kompyuta moja hakuipi mashini nusu ya kumbukumbu, kunaikataza kuanza kabisa. Habari njema ni kwamba bareti hizo mbili zinatumia volti 1.5 kama zile za zamani, na kwa kawaida kuzichanganya hakuunguzi kitu.

Fanya hivi, au umwombe fundi afanye mbele yako. Chomoa waya wa umeme nyuma ya kompyuta. Nasisitiza kuuchomoa, kwa kuwa nimeona mafundi wazuri wakifungua mashini saa ambayo mtaa mzima hauna umeme, wakiamini kwamba kukatika kunatosha. Umeme ukirudi huku vidole vimo ndani na bareti iko nusu, hapo ndipo karti meri inapoungua kweli. Hata kompyuta iliyozimwa kwa kitufe huendelea kupitisha umeme mdogo katika karti meri maadamu waya umechomekwa. Ukishauchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili mabaki ya umeme yaishe, na kama kuna taa ndogo ndani ya mashini, subiri izimike. Fungua ubavu. Gusa kwa kiganja chuma kisichopakwa rangi cha sanduku la kompyuta kabla ya kugusa bareti, kwa sababu umeme tuli wa mwilini, ambao wewe huuhisi hata kidogo, unatosha kuiharibu chipu.

Toa bareti zote, mpya na ya zamani. Tazama meno ya zile za zamani: yakiwa na weusi au utando, yapitie taratibu kwa kifutio cheupe cha wanafunzi, safi, kisha uondoe vumbi la kifutio kwa brashi laini. Spiriti ya duka la dawa yenye asilimia kubwa ya alkoholi inafaa pia kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, mradi uiache ikauke kabisa. Usitumie petroli wala mate, na usipulize kwa mdomo ndani ya soketi, kwa kuwa unyevu wa pumzi unabaki kwenye chuma. Angalia soketi kwa tochi kama kuna uzi, mdudu au jino la chuma lililopinda.

Kisha weka bareti moja tu ya zamani, katika soketi ambayo ilikuwamo zamani ikiwa mnaikumbuka. Linganisha pengo la bareti na kinundu cha soketi, na ubonyeze ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe na usikie sauti yake. Kosa linaloongoza katika kazi hii, kwa yale niliyoyaona kwenye meza yangu kwa miaka mingi, ni bareti iliyoingia upande mmoja na kubaki juu upande wa pili kwa unene wa ukucha. Kwa macho inaonekana imekaa. Inahitaji nguvu zaidi ya zile ambazo mtu mwoga angependa kutumia, lakini ikiwa pengo halilingani hakuna nguvu itakayosaidia, na hapo simama.

Rudisha waya, washa, na uwe mvumilivu. Baada ya kumbukumbu kubadilishwa, kompyuta inaweza kuchelewa kuonyesha picha, au kujizima na kujiwasha yenyewe mara moja. Kwenye kompyuta yako huenda ukaona ujumbe wenye namba 164 kuhusu ukubwa wa kumbukumbu. Huo si ugonjwa. Mashini inakuambia tu kwamba imehesabu kumbukumbu tofauti na ya jana, nawe ukibonyeza F1 itaikubali hesabu mpya na kuendelea.

Ikilia tena mara tano, usikate tamaa mapema. Hamisha bareti ile ile katika soketi ya pili, ya tatu na ya nne, kila mara ukiwa umechomoa waya, kisha ufanye vivyo hivyo na ile nyingine ya zamani. Hili linachosha, najua, lakini ndilo linalotenganisha bareti mbovu na soketi mbovu. Ikiwa bado, toa kwa dakika chache ile betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 iliyo juu ya karti meri, huku waya ukiwa umechomolewa, ili mipangilio ya zamani ifutike. Ukifanya hivyo kumbuka kurekebisha tarehe kompyuta itakapowaka, la sivyo tovuti nyingi zitakataa kufunguka kwa madai kwamba vyeti vyake vya usalama si halali, nawe utadhani intaneti imeharibika.

Kuna swali moja ninaloomba umwulize fundi, bila kumshambulia: je, alipokuwa akitafuta tatizo, aliitoa prosesa? Katika kompyuta ya kizazi hiki, sehemu inayoongoza kumbukumbu haimo tena kwenye karti meri, imo ndani ya prosesa yenyewe, na soketi ya prosesa ina sindano nyembamba 1155 ambazo moja tu ikipinda inaweza kuzinyamazisha soketi za bareti. Ikiwa aliitoa, sindano hizo zikaguliwe kwa kioo cha kukuzia kabla ya kununua chochote. Ikiwa hakuitoa, na bareti zote mbili za zamani zimekataa katika soketi zote nne, hapo nitakubaliana naye kwamba karti meri ina shaka, na dola zako zitakuwa zimeombwa kwa haki.

Mimi natarajia itawaka. Ikiwaka, nunua bareti mbili za giga 4 zilizoandikwa PC3-10600U au PC3-12800U. Hiyo ya pili ina kasi zaidi, lakini katika mashini yako itashuka yenyewe na kwenda kwa mwendo wa ile ya kwanza, kwa hiyo usiongeze pesa kwa ajili yake. Chukua ile inayopatikana. Soketi ziko nne, na unaweza kuziacha zile za giga 2 mahali pake ukapata giga 12 kwa jumla. Omba kuzijaribu dukani kwenye kompyuta ya mezani inayowaka. Baada ya kuziweka, pakua programu ya bure iitwayo Memtest86+, iweke kwenye fulashi, na uiache ikague kumbukumbu usiku mmoja ambao umeme umetulia, au mchana ukiwa kwenye inveta. Kosa hata moja likitokea, rudisha bareti hiyo. Bareti yenye kosa dogo huwa mbaya kuliko iliyokufa, kwa maana inaiwasha kompyuta vizuri, kisha inaharibu faili kimya kimya, na wewe unabeba kazi za watu.

SWALI

Fundi wetu, mimi ni mwanafunzi, naishi mtaa wa Himbi, Goma. Kompyuta yangu ya kubeba ina prosesa ya Core i5-4300U na bareti moja ya giga 4 iliyoandikwa PC3L-12800S. Nilinunua nyingine ya giga 8 iliyoandikwa PC3-12800S ili niiweke katika soketi ya pili. Nikiiweka, taa inawaka lakini skrini haionyeshi kitu, hata nikiiweka peke yake. Nikiitoa, kompyuta inawaka kama kawaida. Rafiki yangu ameiweka bareti hiyo hiyo katika kompyuta yake ya zamani zaidi, nayo ikafanya kazi. Je, soketi yangu ya pili ni mbovu?

Mwanafunzi, Himbi, Goma

JIBU

Mdogo wangu, soketi yako haina kosa, na bareti yako pia haina kosa. Tofauti ni herufi L. Bareti yako ya zamani ni ya volti 1.35, ambayo herufi hiyo ndiyo inayoitambulisha, na mpya ni ya volti 1.5. Prosesa za kizazi chako zenye herufi U mwishoni zilitengenezwa ili zitumie umeme kidogo na betri idumu, na zinakubali bareti za DDR3 za volti 1.35 tu. Zile za volti 1.5 hazipati nguvu zinazozihitaji, na kompyuta haianzi. Ile ya rafiki yako ni ya kizazi kilichotangulia, kilichozoea volti 1.5, ndiyo maana iliipokea bila neno. Meno ni 204 kwa zote mbili na pengo ni lile lile, kwa hiyo nawe hukuwa na njia ya kuhisi tofauti kwa mkono.

Ukipata nafasi ya kubadilishana, tafuta PC3L-12800S ya giga 8. Bareti yenye L ina uwezo wa kufanya kazi kwa volti 1.35 na kwa 1.5 pia, kwa hiyo kwa kawaida hata rafiki yako angeweza kuitumia, lakini yake haiwezi kukufaa wewe. Usiuziwe ya giga 16 moja, kwa kuwa prosesa yako haipokei zaidi ya giga 8 katika kila soketi.

Wakati wa kuiweka, kuchomoa chaja hakutoshi. Betri pia itolewe, na kama imefichwa ndani, kiunganishi chake kitenganishwe na karti meri kwanza. Bareti ya kompyuta ya kubeba huingizwa ikiwa imelala kimshazari mpaka meno yasionekane karibu yote, kisha hulazwa chini hadi vikono viwili vya pembeni viishike. Na kwa kuwa uko Goma, fagia kwa brashi laini sehemu ile kabla ya kuingiza kitu. Vumbi la mawe ya volkeno linaloingia kupitia matundu ya feni ni gumu kama mchanga wa kioo. Likibanwa kati ya jino la bareti na la soketi, linakwaruza utando wa dhahabu, na mwaka mmoja baadaye unaanza kuona kompyuta inayowaka leo na kukataa kesho.

SWALI

Bwana Fundi, niko Lubumbashi, komini ya Kenya. Nilinunua bareti ya giga 8 iliyoandikwa PC4-2400T kwa ajili ya kompyuta ya mezani ya watoto, ambayo bareti zake ni PC3. Ilikuwa ngumu kuingia, nikaisukuma. Nilipowasha, nilisikia harufu ya kuungua, na tangu hapo nikibonyeza kitufe feni inastuka mara moja tu na kusimama. Hakuna taa wala mlio. Je, nirudishe bareti ya zamani kama mnavyoshauri siku zote?

Baba wa watoto wanne, Lubumbashi

JIBU

Hapana, Papa, kwako ushauri ni mwingine. Chomoa waya wa ukutani sasa, na usiiwashe tena mpaka tumeangalia. PC4 ni kizazi cha nne: ina meno 288 mahali pa 240, inatumia volti 1.2, na pengo lake limewekwa mahali pengine makusudi ili isiweze kuingia katika soketi ya kizazi cha tatu. Ulipoisukuma, meno yake yaligusa yasiyo yake, na feni inayostuka na kusimama ni dalili ya kawaida ya kisanduku cha umeme kinachojizima chenyewe kwa kuona kwamba nyaya mbili zimekutana mahali fulani.

Toa bareti hiyo, kisha mulika soketi kwa tochi. Ukiona jino lililopinda likigusa jirani yake, fundi mwenye sindano nyembamba na mkono mtulivu anaweza kulinyoosha. Ukiona plastiki iliyoyeyuka au weusi, soketi hiyo isiwekwe tena bareti yoyote, hata nzima, kwa sababu inaweza kuiua. Washa kwanza ikiwa haina bareti kabisa. Ikiwa feni inaendelea kuzunguka na mashini inalia kuomba kumbukumbu, una bahati: weka bareti moja tu ya zamani, ile ndogo ambayo hutaililia sana, katika soketi iliyo mbali na ile iliyoungua, na ujaribu. Ikiwa feni bado inastuka na kusimama bila bareti yoyote ndani, omba kujaribiwa kisanduku kingine cha umeme, na kikishindwa nacho, karti meri ndiyo iliyokufa. Hapo utakapotafuta nyingine, peleka dukani prosesa na bareti zako za zamani, na uchukue karti yenye soketi inayopokea vyote viwili, ili kitu pekee utakachokilipia kiwe ile karti.